Mzinga wa Mume Asiyerudi

Walio wa salaam, salaam aleikum. Walio wa habari, habari zenu. Na wewe uliyekuja kwa ajili ya chai na mandazi, kaa vizuri, kwa sababu leo chai itachelewa.

Mwenyekiti wetu ameniambia nisimame niseme maneno ya kuwatia watu moyo. Nimemwambia maneno hayo sina. Ninayo yaliyonipata, na kama ndani yake kuna moyo, mtautoa wenyewe. Mnajua sheria ya kikundi hiki chetu cha wafuga nyuki, anayetoa ushuhuda hataji jina la mtu. Kwa hivyo sitamtaja mume wangu, wala baba mkwe wangu, wala jirani yangu. Lakini mimi mwenyewe sijifichi. Ni huyu mnayemwona, miguu imekwisha, mdomo bado.

Nasimama kwa sababu ya mmoja wetu. Mizinga yake imekaa msimu baada ya msimu bila kufunguliwa, tangu mume wake alipotoka kufuata ng'ombe walioibwa na hakuna aliyemwona tena. Tukimwambia avune, anasema hiyo si mizinga yake, mwenyewe atakuja. Sisemi ni nani. Na nyinyi, hebu wacheni kugeuza shingo! Nitazameni mimi.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa huyo.

Mume wangu alikuwa mtu wa nyuki, kama baba yake. Walitoka upande wa Tharaka wakakaa ng'ambo ya mto, wakati kule hakukuwa na nyumba, ni migunga tu na vumbi. Nyinyi siku hizi mnaletewa masanduku ya mbao, mnayaweka juu ya nguzo, kwisha. Yeye alikuwa akiangusha mti mwepesi, anakata gogo, analichimba kwa tezo mpaka ndani linabaki wazi kama ngoma. Analiacha kivulini likauke hadi harufu ya utomvu iishe, maana nyuki hawapendi nyumba inayonuka mti mbichi. Halafu anaziba huku na huku kwa vifuniko. Kifuniko cha mbele kina matundu ya nyuki kupitia, cha nyuma hakina tundu, na hicho ndicho cha kuvunia. Ndani anapaka nta kuukuu, ili nyuki wanaopita wanuse wajue hapa wenzao waliwahi kukaa. Mwisho anautundika juu kwa kulabu ya mti, mbali na shina ili nyegere asiufikie, mlango ukiupa upepo mgongo. Kisha anarudi nyumbani kungoja mvua. Nyuki hawaitwi, wanakuja wakipenda.

Lakini kabla ya kuutundika kuna jambo moja, na nataka mlishike hili, kwa sababu ndilo lililonila. Mwenye mzinga anachoma alama yake juu ya gogo kwa chuma cha moto. Ya mume wangu ilikuwa mistari miwili imesimama na mmoja umelala juu yao. Katika ukoo ule, mzinga wenye alama ya mtu aliye hai haufunguliwi na mwingine, hata awe ndugu yake wa tumbo moja, hata awe anakufa njaa chini ya mti wenyewe. Mwenyewe akifa, anazikwa kwanza. Halafu mrithi anaikwangua ile alama kwa kisu, anachoma yake, na tangu siku hiyo hakuna anayesema tena huu ulikuwa mzinga wa fulani. Alama ikikwanguliwa, mtu amekufa kabisa. Na mrithi ni mwanamume. Mwanamke hakuwa na alama. Kazi yetu ilikuwa kukamua masega na kuyeyusha nta, na kusikiliza wanaume wakijisifu vile walivyoumwa.

Basi vita vya shifta, wale wapiganaji wa porini, vikaja. Siasa yake waulizeni waliosoma. Mimi najua tu kwamba wenzetu Waborana wanaita wakati ule daba, yaani kusimama, na haki ya Mungu kila kitu kilisimama. Mifugo yao ilichukuliwa, soko likalala. Sisi wa ng'ambo tukaamriwa tusogee karibu na mji. Tukapata chumba huku Kiwanjani, mimi na mume wangu na wasichana wetu wawili, mmoja wa kukimbia na mmoja wa mgongoni, na baba mkwe akawa chumba cha pili. Jioni filimbi ya kafyu inalia, na ukipatikana nje huulizwi wewe ni Mmeru au Msomali au nani. Ukitaka kuvuka mto unapitia kizuizi cha askari, mchana tu, useme unakwenda kuokota kuni.

Sasa nyinyi wa nyuki mnaona tatizo liko wapi. Asali ya mzinga wa gogo huvunwa jua likishazama. Mchana nyuki wa kwetu ni moto, giza likiingia wanapoa, na hapo ndipo mvunaji anapanda na kienge chake cha maganda ya mti kinachotoa moshi. Kafyu ikaua hiyo kazi. Msimu wa kwanza mume wangu hakuvuna. Msimu wa pili migunga ikachanua mpaka ukipita kando ya mto harufu inakupiga usoni, na nyumbani hatuna unga. Akaniambia, "Mama watoto, nitakwenda mchana."

Nikamwambia, "Watakuua."

Akacheka. "Nyuki? Tumezoeana."

Yeye alifikiria nyuki. Mimi pia nilifikiria nyuki. Ndugu zangu, hilo ndilo kosa ambalo mtu wa nyuki tu angelifanya. Nani kati yetu alifikiria moshi?

Nilikuwa mtoni nafua. Niliuona ukipanda juu ya migunga, umenyooka, maana siku hiyo hapakuwa na upepo, na nikafurahi. Nilisema moyoni, leo watoto watalamba vidole. Halafu nikasikia bunduki. Si moja. Na ule moshi ukaendelea kupanda kidogo, kama hauna habari, kisha ukakatika.

Nani alipiga? Mpaka leo sijui. Pori lile lilikuwa na watu wenye bunduki wa kila upande, na kila upande ukiona moshi unajua ni wa adui anapika. Nilikaa pale mtoni na nguo mbichi mapajani mpaka filimbi ikanifukuza.

Kesho yake baba mkwe na wazee wengine wakaruhusiwa kuvuka. Chini ya mti walikuta kamba yake, mkoba wake wa ngozi ya mbuzi ukiwa mtupu, na kienge kimekanyagwa. Damu kidogo kwenye nyasi. Mtu hakuwapo. Wakafuata nyayo mpaka kwenye mawe, na kwenye mawe nyayo hazisemi. Tukauliza kizuizini, wakasema hawajui. Tukauliza kwa wale wanaojua mambo ya pori, wakasema wakati mwingine shifta huchukua mtu mwenye nguvu akawabebee mizigo. Basi hapo ndipo nilipofungwa. Angekufa mbele yangu ningelia nikamaliza. Nilipewa kitu kibaya kuliko kifo, nilipewa labda.

Baba mkwe alikuwa amepanda kwa ngazi akakirudisha kifuniko cha mzinga ule mwanawe alioanza kuufungua. Alipofika nyumbani alisimama mlangoni, hakuingia, kwetu baba mkwe haingii ovyo kwa mkaza mwana wake. Akasema, "Mizinga ya mwanangu isiguswe. Yuko hai mpaka nitakapoambiwa."

Nikasema, "Ndiyo, baba." Ningesema nini kingine? Na mimi nilitaka awe hai.

Sasa kungoja kulianza. Nilibeba maji ya watu, nikafua nguo za watu, nikauza kila kitu isipokuwa ile kamba. Jirani yangu alikuwa mama wa Kisomali, babu yake aliletwa hapa na Wazungu akiwa askari, wakamwacha hapa. Wao nao walikuwa wamepoteza mifugo yote. Nilimwita abayo, ndiyo dada kwa lugha yao. Tulikopeshana chumvi, tulikopeshana moto, na siku zingine tulikopeshana kunyamaza, kila mtu amekaa mlangoni kwake anatazama vumbi. Watu wengine walininong'oneza, "Wewe ni mjane." Wengine, "Mume wako ameenda na shifta kwa mapenzi yake." Nikienda kanisani sijui niombee safari yake au roho yake. Nilikuwa nafunga macho tu.

Halafu surua ikaingia Kiwanjani. Ilipita nyumba kwa nyumba. Yule mdogo wangu, wa mgongoni, ikamshika vibaya, mdomo wote vidonda, ulimi mweupe. Maziwa anakataa. Maji anakataa. Analia bila machozi. Na ng'ambo ya mto, mahali ambapo ukiwa na miguu mizuri unafika kabla uji haujapoa, mizinga ya baba yake imejaa asali.

Nilikwenda kwa baba mkwe. Nilipiga magoti nje ya mlango wake. Nikamwambia, "Baba, sega moja tu. Nimpake mdomoni."

Nilimsikia akipumua mle ndani. Akasema, "Binti, ukifungua mzinga wa mwanangu, umemzika. Unataka kumzika?"

Nikasema, "Hapana, baba."

"Basi ngoja. Atakuja amvunie mwanawe mwenyewe."

Nikangoja. Mtoto hakungoja.

Sisemi asali ingemponya. Surua ile ilichukua watoto wa watu waliokuwa na dawa na maziwa na kila kitu. Nasema tu kwamba mwanangu alikufa mdomo umekauka, na utamu wa baba yake ulikuwa pale ng'ambo umefungwa kwa sababu ya alama. Hilo nimelibeba mpaka uzee huu na sijapata mahali pa kulitua. Mnisamehe, nipeni maji.

Baada ya kuzika, nilikauka. Sikumchukia yule mzee, sikumpenda, sikuwa na kitu. Yule msichana wangu mkubwa alikuwa ananiita, "Mama, mama," na mimi nasikia kama anamwita mtu mwingine. Jioni moja filimbi ya kafyu ikalia, watu wanakimbilia ndani, mimi nikatoka. Nawaambieni ukweli mbele ya Mungu, nilitoka ili nisirudi. Nilifikiria, nikitembea polepole kuelekea mtoni, kuna mtu atanimalizia hii kazi. Nilikuwa nimeshafika kwenye ua wa nyumba ya mwisho.

Abayo alikuja mbio bila viatu akashika nguo yangu kwa nyuma. Hakuniambia maneno ya dini. Alisema, "Wallahi, mimi nimechoka na matanga. Unataka nipike tena chai ya watu? Sukari iko wapi? Rudi ndani!"

Nikamwambia, "Niache."

"Sikuachi. Na mtoto wako yuko kwangu, anakula ugali wangu. Ukifa nitamlea, lakini nitamwambia mama yake alikuwa mjinga." Akanivuta mpaka ndani, akaketi mlangoni, mgongo kwenye mbao, akakataa kuondoka mpaka asubuhi. Mnacheka. Mimi sikucheka. Lakini niliishi.

Baba mkwe naye alikuwa amebadilika, ila mimi sikuwa na macho ya kumwona. Alikuwa akivuka mto kila mara kwa kuni, na anarudi bila kuni. Asubuhi moja akaja mlangoni kwangu na kufanya kitu ambacho hajawahi kufanya. Aliketi chini, kwenye kizingiti cha mkaza mwana wake, kofia mkononi.

Akasema, "Imenyamaza."

"Nini, baba?"

"Mizinga. Nimekuwa nikisimama chini naitegea sikio. Ule wa kwanza nondo wamekula masega yote, nyuki wamehama. Wa pili siafu. Wengine pia. Wameondoka. Umebaki ule mmoja aliokuwa anavuna siku ile." Akazungusha kofia. "Nilifikiri nikiifunga namtunzia. Kumbe nyuki hawamngojei mtu, binti. Mzinga usiovunwa unajaa uchafu, wanaukimbia. Nimemnyima mtoto nikawapa nondo."

Halafu akalia. Mzee mzima, kwenye kizingiti. Hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu ule moshi ukatike, na tulilia sisi wawili bila kutazamana, kwa sababu ya heshima. Haki ya Mungu, hata kilio kilikuwa na adabu.

Akanyamaza, akapangusa uso, akasema, "Twende tuufungue huo mmoja kabla nao haujafa. Mimi siwezi tena kupanda, hata kwa ngazi, na wewe hujui kupanda. Lakini kamba yake unayo."

Sasa sikilizeni, hii ni ya kazi. Shida ilikuwa moshi. Mchana bila moshi, nyuki watatuua. Tukiwa na moshi, bunduki zitatuua. Abayo ndiye aliyetatua, na yeye hakujua nyuki hata kidogo, aliwaogopa kuliko askari. Alitazama ule mkebe wa majani ya chai aliokuwa akiwekea makaa. Akasema, "Si muufunge moshi ndani ya mkebe? Moshi unaenda juu kwa sababu mnauacha uende." Tukatoboa tundu chini la kupulizia na tundu kwenye mfuniko, baba mkwe akachomekea kipande cha mwanzi. Ndani tukaweka makaa na kinyesi cha ndovu kikavu, ambacho kinawaka polepole na moshi wake ni wa baridi. Ukipuliza, unatoka uzi mdogo, unaingia moja kwa moja pale unapoutaka. Ukiacha kupuliza, hakuna kitu.

Tulivuka alfajiri, kizuizi kilipofunguliwa tu, baridi bado iko na nyuki bado wazito. Mkebe niliuficha kwenye kikapu chini ya kamba. Askari wa pale alikuwa kijana wa bara, alinusa, akatazama kikapu, akamtazama mzee, akapungia mkono tupite.

Mzee alirusha kamba juu ya tawi kwa jiwe, akaipitisha, akafunga mzinga kwa ufito mrefu wenye kitanzi jinsi wanavyojua wao, tukautoa kwenye kulabu, tukaushusha. Polepole, polepole. Ulikuwa mzito kuliko nilivyotegemea na kamba ilinichuna viganja, alama hizi hapa. Ulipogusa nyasi niliweka sikio. Ndugu zangu, ulikuwa unanguruma. Chini kabisa, hafifu, lakini ulikuwa hai. Kwa muda mrefu sikuwa nimegusa kitu chake chochote kilicho hai isipokuwa mtoto mmoja.

Mzee akapuliza mkebe kwenye kifuniko cha nyuma. Akaniambia, "Wewe ndiye utafungua. Mimi macho hayaoni ndani."

Nikafungua. Nondo walikuwa wameanza, utando huku na huku, masega ya nyuma meusi kwa uzee. Nikakata yale mabovu nikayatupa mbali. Nyuki waliniuma usoni na mikononi, sikuhisi. Nikaingiza mkono mbele zaidi na nikafika kwenye asali, imefunikwa nta nyeupe, nzito. Nilitaka kukomba yote. Njaa ilikuwa inaniambia nikombe yote. Mzee akanishika mkono. "Hapo mwisho. Ukiona majana, hiyo ni nyumba ya watoto, usiguse. Na lile sega linalofuata majana liache, hicho ni chakula chao. Ukiwanyang'anya watakwenda, na watakuwa na haki."

Nikaacha. Nikasafisha, nikafunga. Halafu nikamwona amewasha vijiti vikavu kidogo kando ya jiwe, moto wa ukubwa wa kiganja, na ndani yake kuna msumari mkubwa wa chuma. Na kisu chake kiko wazi.

Nilijua ni nini. Nikamwambia, "Baba, usiikwangue."

Akasema, "Sitaikwangua." Akakifunga kisu akakirudisha mfukoni. "Baba yangu angenilaani. Basi, anilaani. Ya mwanangu ibaki hapo ilipo. Wewe weka ya kwako chini yake. Mwanamke hana alama, haya, tangu leo wewe unayo. Ni gani?"

Sikuwa nimewahi kufikiria mimi ni alama gani. Nilitazama ule moto mdogo na jiwe lake, nikachukua msumari kwa kitambaa, nikachoma nukta tatu. Mafiga. Mawe matatu ya jikoni. Ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho.

Alipitisha kidole juu ya alama, ya mwanawe kwanza, halafu yangu. Akasema, "Akija atajua ulikuwa ukimpikia." Tukazima moto kwa mchanga, tukautundika mzinga.

Pale kizuizini yule askari alifunua kikapu akaona masega. Mimi uso umevimba kama andazi. Akauliza, "Mama, hii asali imevunwa bila moshi?"

Nikamkatia kipande. Nikamwuliza, "Wewe umeona moshi?"

Akakitia mdomoni, akatafuna nta muda mrefu akitazama ng'ambo. "Sijaona kitu," akasema. Popote alipo yule kijana, Mungu amfuate.

Kipande cha kwanza kilichofika nyumbani nilimpa msichana wangu. Cha pili nilikwenda nacho kaburini, kwa yule mdogo, nikakibonyeza kwenye udongo. Siafu walikuja wakakila. Nilikaa nikawatazama.

Mnangoja niseme kwamba alirudi. Hakurudi. Vita viliisha, filimbi ikanyamaza, watu wengine wakaanza kurudi kutoka pori na kutoka jela, wengine waliokuwa wameliliwa na kusahauliwa kabisa. Kila lori likisimama mjini mimi niko pale. Nilikuwa nimepanga hata maneno ya kumwambia kuhusu ile alama yangu, akikasirika. Maneno hayo bado ninayo. Baba mkwe alikufa akiwa anatazama mlango. Yeye tulimzika vizuri, mwanawe hatujamzika. Na sijaolewa tena. Mkisema mimi nimepona, mnaniongezea nisichonacho. Nimezoea kuchechemea.

Lakini mzinga ule haukufa. Mvua ilipokuja nyuki waligawanyika, wakaingia kwenye mizinga mitupu niliyoisafisha na kuipaka nta, na kila mmoja niliuchoma nukta tatu chini ya mistari yake mitatu. Yule msichana alisoma kwa asali hiyo. Hakuna mzinga wangu hata mmoja, mpaka leo, usio na alama ya mtu yule. Naufungua kila msimu, na kila msimu namkuta ndani yake zaidi kuliko nilipokuwa nimeufunga.

Nashukuru. Namshukuru jirani yangu, Mungu amweke mahali pema, aliyenikataza kufa kwa sababu ya sukari. Namshukuru yule mzee aliyevunja mila yake kwa mkono wake mwenyewe, baada ya kuchelewa, lakini aliivunja. Nawashukuru na nyinyi mnaonipa kiti nikija.

Na wewe dada yangu, sasa nakutazama, wacha wageuze shingo wakitaka. Sikuambii amekufa. Mimi ni nani nijue? Ngoja. Ngoja mpaka uzeeke kama mimi. Lakini kungoja hakukukatazi kufungua mzinga. Usikwangue kitu. Asubuhi nitakuja kwako mapema, baridi ikiwa bado iko. Kamba nimenunua mpya, ile ya kwake ilioza zamani. Mkebe ni ule ule wa abayo. Wewe usiku huu fikiria jambo moja tu, alama yako ni gani.

Haya, leteni chai.